Siku Tisa za Kusimama

Bi Khole hakuvuka mlango bila ya kutazama saa. Awe anaingia au anatoka, kwake au kwa watu, arusini au matangani, alisita kidogo kizingitini, akaugeuza mkono wa kushoto, maana saa yake aliivaa uso ndani, juu ya mshipa, akakigonga kioo kwa ukucha mara moja, kisha akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeitikia salamu: "Saa nne kasorobo." Hapo ndipo alipopita. Watoto wa majirani kule Mabela, nje ya Maskati, walimwigiza, wakisimama milangoni na kujigonga mikono mitupu. Yeye aliwacheka na kuwaambia saa zao zimechelewa.

Watu walidhani ni tabia ya uzee, ingawa alikuwa hajafika hamsini. Mahfoudha peke yake ndiye aliyejua ilikotoka, kwa sababu yeye ndiye aliyemfunza.

Mwaka wa 1999 walikuwa wote wawili katika kiwanda cha kufulia nguo huko Ghubra, Maskati, jengo refu la bati nyuma ya maduka ya vipuri vya magari, lisilokuwa na dirisha hata moja. Hapo zikifuliwa shuka, foronya na taulo za mahoteli, hata za ile hoteli kubwa ya upande wa Bustan, ambazo zikiwa majimaji mwanamke mmoja hawezi kuzinyanyua tano kwa pamoja. Ndani kulikuwa na mvuke tangu asubuhi mpaka jioni. Mahfoudha alikaa nje ya mvuke huo, katika kijumba cha vioo mlangoni, na kazi yake ilikuwa saa za watu. Alikuwa na miaka ishirini na tatu na diploma ya ukarani. Kando yake, ukutani, palikuwa na mashine ya kugongea kadi. Kila mfanyakazi aligonga kadi yake akiingia na akaigonga akitoka, na Mahfoudha alizinakili saa hizo katika kitabu. Kompyuta ilikwisha nunuliwa, lakini watu walisema zikiingia sifuri za mwaka elfu mbili itapata wazimu, kwa hivyo ilikaa imefunikwa kitambaa kama maiti.

"Bi Khole," alimwambia siku ya kwanza, akimpa kadi, "hapa siku isiyotimia saa nane si siku. Ukitoka kabla ya saa tisa u nusu, hata kwa dakika tano, siku nzima haihesabiwi. Tazama saa ukiingia, tazama ukitoka."

"Haya mwanangu. Na nikenda msalani nitazame?"

"Huko hapana."

"Alhamdulillahi, basi kuna pahala pa kupumzika."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba, mrefu, mwembamba, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Maskati msichana. Mumewe, Harub, alikuwa dereva wa gari ya kusambaza maji mpaka uti wa mgongo ukamkatalia, na sasa siku nyingi alilala chali akitazama dari. Mimba mbili zilikwisha kumtoka Bi Khole, na alikuwa haziongelei. Aliingia kiwandani Jumamosi moja, siku ya tano ya mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ladha ya Idi ingali midomoni mwa watu. Mahfoudha aliandika katika faili: tarehe 23 Januari 1999. Kwao ilikuwa siku moja yenye majina mawili, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Kanuni za kampuni ile zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa Kiarabu, karatasi nne zilizopinda kwa mvuke. Moja ilisema mwanamke anayejifungua atapata siku arubaini na tano za likizo, na mshahara wake, na nafasi yake itamngoja, madhali ametimiza mwaka mmoja kamili wa kazi. Anayeondoka kabla ya mwaka kutimia huhesabiwa kuwa ameacha kazi. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kanuni ya Bi Khole, kwani ilipofika maulidi alikuwa na mimba ya tatu.

Aliificha mpaka haikufichika. Mwezi wa Rajabu, wakati wa chakula, walikaa watatu juu ya maboksi ya sabuni, Bi Khole, Mahfoudha na Kheiria. Kheiria naye alikuwa wa meza za pasi, mzaliwa wa Tabora, mwenye sauti kubwa iliyoshinda mashine. Walikuwa wakila wali na samaki kutoka bakuli moja, na walizungumza Kiswahili, kama walivyofanya kila walipokuwa peke yao. Kiarabu kilikuwa cha ofisini.

"Mahfoudha mwanangu," alisema Bi Khole, "mie niliingia siku ya tano ya mfunguo mosi. Sasa ikirudi siku hiyo hiyo, mwaka wangu si ndo umetimia?"

"Umetimia," alijibu Mahfoudha, akichambua mwiba.

"Basi nkishamaliza Ramadhani, nikala Idi yangu, nnakwenda kulala. Nesi keshanambia, presha imepanda, miguu hii nisiisimamie tena. Lakini na mimi nnataka kurudi nikute kazi yangu."

"Utaikuta, inshallah."

"Mtoto mwenyewe yuko njia moja na mwezi mwandamo," alisema Kheiria. "Nyie Wazanzibari hata mimba mnaihesabia juu ya paa."

"Na nyie wa bara mnaihesabu kwa nini?"

"Sisi tunangoja tu kisikike kilio."

Walicheka wote watatu, Mahfoudha akapata mwiba wake, na kengele ikalia.

Hivyo ndivyo kosa lilivyotendeka, na mtu asingeweza kuliona hata kama angelikuwa amekaa pale pale. Kwao Mahfoudha, kama kwao Bi Khole, mwaka ulikwenda kwa mifunguo. Mama yake alijua nani kazaliwa mfunguo saba na nani kafa mfunguo nne, na hakuijua hata Januari moja. Kutwa nzima Mahfoudha aliandika tarehe za ofisi, lakini akifungua kinywa kwa Kiswahili, na mkono uko katika wali, mwaka uliokuwa kichwani mwake ulikuwa ule wa nyumbani. Na mwaka wa nyumbani ni mfupi kuliko wa ofisini kwa siku kumi na moja. Mtoto wa skuli anajua. Yeye pia alijua, isipokuwa siku ile.

Bi Khole alianza kuhesabu. Kila alipogonga kadi ya kutoka alisema kwa kidirisha cha Mahfoudha, "Hiyo moja nyengine." Ramadhani, Waislamu walipopunguziwa mpaka saa sita kwa siku, alifurahi kwa miguu yake, kisha akaingiwa na shaka, akaja kuuliza kama siku za saa sita nazo ni siku. Mahfoudha alimwambia ni siku. Kwa hilo alikuwa na hakika.

Mfunguo mosi uliingia. Siku ya tano ilikuwa Jumatano, na Bi Khole alikuja kabla ya saa moja, kavaa baibui jipya, mkononi ana sahani ya halua iliyofunikwa kwa karatasi. Aliiweka juu ya meza ya Mahfoudha.

"Kuleni. Nimekuja kuaga. Niandikie karatasi yangu ya likizo."

Mahfoudha aliivuta faili, akiwa bado anatabasamu. Akasoma tarehe. Akatazama kalenda ya ukutani, iliyotolewa na duka la matairi, iliyosema tarehe 12 Januari 2000. Aliisoma mara ya pili.

"Bi Khole. Bado."

"Bado nini?"

"Mwaka wao ni wa Januari. Unatimia Jumamosi ya wiki ijayo, jioni. Zimebaki siku kumi na moja. Ukitoa Ijumaa mbili, ni siku tisa za kazi."

 Bi Khole alikuwa amejishika kiuno kwa mikono miwili kama wafanyavyo wajawazito, na miguu yake imefura, imejaa katika kandambili mpaka mikanda imezama. Mahfoudha aliingoja lawama. Aliingoja ile sentensi ya Rajabu, na lile neno lake mwenyewe, "umetimia", limrudie usoni.

"Basi nimekosea kuhesabu mie," alisema Bi Khole.

Akaitoa kadi yake kwenye kishubaka, akaigonga. Akaugeuza mkono, akatazama saa. "Saa moja kasoro dakika tatu," akasema, akaingia katika mvuke na baibui lake jipya.

Mahfoudha alikwenda kwa meneja asubuhi ile ile. Humam hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akimchezea paka wa kiwandani kwa ncha ya kiatu, kisha akamjibu kwa Kiarabu cha upole. Mwaka ni siku mia tatu na sitini na tano, alisema, hata kwake yeye. Akimwachia huyu siku kumi na moja, kesho atakuja mwengine mwenye kupungukiwa ishirini, na wote watakuwa na matumbo. Kama mama huyo anaumwa, aende nyumbani, hakuna aliyemfunga. Mahfoudha alimshukuru. Hakumwambia kwamba kosa lilikuwa lake yeye, karani wa saa.

Kheiria alimngoja nje ya mlango.

"Amesemaje bwana mkubwa?"

"Kanuni ni kanuni."

"Basi muandikie wewe. Si unazo kadi zote? Mgongee asubuhi, mgongee jioni, mwenyewe amelala kwake. Nani atajua?"

"Humam anazikagua kila jioni."

"Anazikagua, au anazitia saini?"

"Kheiria, unataka nifukuzwe?"

 "Hapana, bibie," alisema Kheiria. "Sitaki mtu afukuzwe." Akarudi kwenye meza yake.

Siku hizo tisa Mahfoudha alizikumbuka baadaye moja moja, kama mtu anavyozikumbuka nyumba za mtaa aliozaliwa. Walimpa Bi Khole foronya akunje, kazi nyepesi kuliko zote. Kheiria na wengine walibeba fungu lake la shuka. Mtu mmoja alimletea kigoda, msimamizi akakiondoa, kwa kuwa kigoda kiliziba njia ya matoroli. Siku ya tatu aliinua miguu yake mmoja mmoja akiegemea meza. Siku ya tano Mahfoudha alimletea maji ya ndimu na kumwambia apumzike kidogo kijumbani mwake, lakini hakukubali, akahofia isije ikaambiwa saa hazikutimia. "Nsije nikaipoteza siku kwa ajili ya ndimu," alisema. Siku ya sita aliacha kufanya mzaha. Kila jioni aligonga kadi, akatazama saa yake kuona kama imepatana na ya ukutani, akamwambia Mahfoudha siku ngapi zimebaki. Mahfoudha aliitikia bila ya kunyanyua kichwa.

Siku ya nane ilikuwa Alhamisi. Uchungu ulimshika saa saba za mchana.  Kheiria alimwona akizikunja foronya polepole, kisha akisimama na kuishika meza, kisha akizikunja tena, na alipomuuliza, alijibiwa kwamba ni mgongo. Saa nane na nusu baibui lake lilikuwa limelowa chini, na katika mahala ambapo kila kitu kimelowa hapana aliyetazama. Akitoka kabla ya saa tisa u nusu, Alhamisi ile isingekuwa siku. Alisimama saa mbili na nusu hivyo hivyo. Kengele ilipolia alikuja mpaka kwenye mashine, akaigonga kadi, akautazama mkono wake.

"Saa tisa na nusu na dakika moja," alimwambia Mahfoudha. "Sasa nitafutie gari, mwanangu. Mtoto anakuja."

Mtoto alizaliwa jua likizama, msichana, wakamwita Atheer. Alikawia kulia. Walimshughulikia katika chumba chengine kwa muda ambao Bi Khole hakuweza kuupima, kwa sababu walikuwa wamemvua saa.

Ijumaa kiwanda kilifungwa. Jumamosi, siku ya tisa, Mahfoudha alifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya mtu yeyote. Kadi ya Bi Khole ilikuwa katika kishubaka chake. Aliitoa.  Ilipofika saa moja aliitumbukiza katika mashine, ikagonga kama ilivyozigonga nyengine zote. Jioni akaigonga tena. Katika kitabu aliandika saa nane. Humam alikuwa na mgeni, akatia saini ukurasa mzima akiwa anazungumza naye, bila ya kuinamisha macho. Mwaka wa Bi Khole ukatimia.

Kheiria alimuona akiirudisha kadi.  Alichukua mkoba wake akatoka.

Barua ya likizo ilipelekwa nyumbani kwa Bi Khole: siku arubaini na tano, na mshahara, na nafasi yake. Mahfoudha aliipiga chapa mwenyewe. Alipoipiga alifikiri jinsi ilivyokuwa rahisi. Mkono mmoja, mara mbili kwa siku. Kama aliiweza siku moja, angeliziweza tisa. Fikra hiyo haikuja kwa kelele. Ilikaa tu, ikawa kama mtu mwengine mle kijumbani.

Bi Khole alirudi kazini siku arubaini na tano zilipokwisha, akafanya kazi miezi miwili. Atheer hakuweza kuishika shingo yake. Alipofika miezi minane walimwambia hataketi, na alipofika miaka miwili walimwambia hatasema. Mahfoudha aliwahi kumuuliza daktari mmoja, kama mtu anayeulizia habari za jirani, ikiwa kusimama kwa mama kunaweza kufanya hivyo. Daktari alisema labda, presha ikiwa juu, labda. Na labda ingekuwa vile vile hata kama angelilala. Mahfoudha alitoka na hizo labda mbili, na alikuwa nazo miaka yote. Hakuna aliyeweza kukaa na mtoto wa namna ile. Harub alikuwa hawezi hata kumnyanyua. Bi Khole akaiacha ile kazi aliyoisimamia.

Walihamia Mabela, katika nyumba ya vyumba viwili isiyopakwa rangi, wakati Mabela ilikuwa bado mchanga na nguzo za umeme. Mahfoudha alikwenda kila Alhamisi. Alichukua maziwa, nguo, dawa ya kikohozi, siku moja kiti cha magurudumu alichokipata kwa jamaa. Watu walimsifu kwa kutosahau udugu wa kazini. Bi Khole alimpokea vizuri, akamtengea chai ya iliki, akamsimulia kwamba Atheer amecheka kwa sauti ya feni, au amelala usiku mzima. Hawakuzungumza juu ya kiwanda. Kimbunga kilipopita, mwaka 2007, maji yaliingia kiwandani mpaka kwenye swichi za taa, na mavitabu ya saa yakafumuka yakawa uji. Mahfoudha alikuja kumwambia, akifikiri labda sasa watazungumza.

"Hata zile kadi zetu?" aliuliza Bi Khole.

"Zote."

"Maskini," alisema Bi Khole, akaendelea kumchana Atheer nywele.

Alikufa mwaka uliofuata, mfunguo pili, presha ile ile, ghafla, baada ya kusali adhuhuri. Dada yake Harub alimchukua Atheer. Katika matanga wanawake walizungumza juu ya saa, jinsi marehemu alivyoitazama kila mlangoni, wakacheka na kulia, na mmoja akasema alikuwa mtu wa mipango. Mahfoudha alikaa pembeni na juzuu yake mkononi. Hakuzigeuza kurasa. Alikuwa akiifikiria Alhamisi ya mwisho aliyokwenda, wiki tatu nyuma.

Siku hiyo Bi Khole alikuwa ameketi chini akimlisha Atheer uji kwa kijiko kidogo. Mtoto alikuwa na miaka minane, miguu yake mirefu imelala juu ya mkeka kama si yake. Adhana ya alasiri ilikwisha adhiniwa. Mahfoudha alitafuta viatu vyake mlangoni, na Bi Khole akainuka kumsindikiza, mkono mmoja ukutani. Kizingitini akasita, akaugeuza mkono, akakigonga kioo.

"Saa tisa u nusu," alisema. Kisha hakusogea. "Mahfoudha. Ile Jumamosi, kadi yangu uliigonga wewe."

Mahfoudha alikuwa na kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. "Mimi, Bi Khole."

"Nlijua. Barua ilipofika nlihesabu siku zangu kwa vidole, zikawa nane, na barua inasema mwaka umetimia." Alimfutia Mahfoudha vumbi begani, taratibu, kama afanyavyo mama kwa mtoto anayekwenda skuli. "Nikajisemea, kumbe Mahfoudha anaweza."